Nyumba Iliyopigwa Msasa

Mtaani walimwita Fundi Jumamosi, na jina lenyewe linajieleza. Jumatatu hadi Ijumaa alikuwa muuza dawa: koti jeupe, kalamu mfukoni, anakaa nyuma ya kioo akiwaambia watu, "Kimoja asubuhi, kimoja jioni, na usinywe tumbo tupu." Ikifika Jumamosi anauvua ule uungwana wote, anavaa suruali iliyotoboka magoti, anajifungia kwenye banda alilojijengea nyuma ya nyumba, na hapo usimuulize habari ya mgeni wala ya chakula. Mkewe alikuwa akimsema mbele za watu: "Mwenzenu kaoa mke wa pili, anaitwa Mbao, na huko ndiko analala mchana." Yeye hucheka tu, vumbi limemjaa mpaka kwenye nyusi.

Tuseme kweli, hakuwa fundi wa kubahatisha. Mikono alikuwa nayo, na subira pia, kitu ambacho mafundi wengi wa kulipwa hawana. Randa yake aliinoa mpaka ikanyoa vinyweleo vya mkono. Alijua kwamba ubao una upande wake wa kwenda, ukiukwangua kinyume nyuzi zinasimama na kung'oka. Alijua kwamba gundi nyingi si nguvu. Lakini mapenzi yake hasa yalikuwa kwenye msasa. Ataanza na msasa mkali, atashuka polepole hadi ule laini ambao ukiushika unadhani ni karatasi tu. Kisha anaufuta ubao kwa kitambaa kibichi, anauacha ukauke vinyweleo viinuke, anaupiga tena. Mwisho wa yote anafumba macho na kupitisha kiganja. "Jicho linahongeka," aliwaandikia wenzake wa kikundi cha simu, wapenda mbao kama yeye, "mkono hauhongeki. Ukitaka kujua kama kazi imekwisha, fumba macho." Wakamsifu. Naye sifa zikampanda kichwani, kwani yeye ni nani zisimpande?

Mama yake alikuwa akiishi peke yake katika nyumba ileile aliyowalelea, si mbali na kwa mwanawe. Zamani alikuwa mshonaji; sare za shule za mji ule, nyingi zilipita chini ya sindano yake. Mumewe alipofariki watoto walitaka kumchukua, akakataa katakata. "Humu niliingia kwa miguu yangu," alisema, "nitatoka nimebebwa. Na atakayenibeba ajipange, maana mimi si mwepesi."

Aliyekuwa amejipanga ni dada mkubwa, mwalimu mkuu wa shule moja ya mji mwingine, mwanamke aliyezoea kusema mara moja. Alivutana na mama yake weee, mpaka wakafika mahali pa kukubaliana. Maadamu mama anajipikia mwenyewe, anajifungulia mlango mwenyewe, na kwenda uani mwenyewe, atabaki kwake. "Lakini siku utakayoanguka," dada alimwambia, "hata ukianguka vizuri, mimi nakuja na gari. Hatutakaa kikao kingine."

"Haya, yaishe," mama akasema. "Unywe chai yako kabla haijapoa."

Na kweli alijiweza. Fundi Jumamosi alipita kumjulia hali karibu kila jioni akitoka dukani, na hakuwahi kumkuta amekwama. Akibisha hodi, mama atauliza kutoka ndani, "Wewe nani? Toa sauti, siku hizi wote mmefanana!" Akiingia, mama atamshika uso kwa mikono miwili. "Njoo nikuone. Umekonda. Mkeo anakufungia chungu?" Kisha ataondoka kuelekea jikoni, kiganja kikisindikiza ukingo wa meza, na utasikia kopo likifunguliwa, maji yakimiminwa, na chai itakuja, sukari imekaa palepale inapotakiwa. Wakwe, majirani, wote walimtolea mfano. Mzee yule, walisema, mwili tu ndio umezeeka.

Likizo moja ya shule, dada alimchukua mama akapumzike kwake. Fundi Jumamosi akaachiwa ufunguo. Akaingia kuangalia kama kila kitu kiko salama, akawasha taa, akatazama. Sasa mtu akishapenda msasa, haoni tena nyumba, anaona makovu. Meza kubwa ya kulia, mbao ngumu ya zamani ambayo leo huipati hata kwa dawa, ilikuwa na pengo ukingoni, mtu ameila kwa kisu. Mwimo wa mlango wa jikoni ulikuwa na mkwaruzo mrefu usawa wa kifua. Rafu ya makopo ndiyo iliyomtoa roho: ukingoni kulikuwa na chale, moja hapa, mbili pale, tatu kule, na ndani ya chale mbao ilikuwa bado nyeupe, ya juzijuzi tu. "Mama anakatia vitunguu kwenye rafu," alisema peke yake, akatikisa kichwa. Mlango wa nyuma ulikuwa unalia kama paka aliyekanyagwa mkia. Na kwenye ngazi za kushukia uani, ule ubao wa kushikilia ulikuwa na msumari umeinua kichwa karibu na mwisho wake. Huo ulimtia uchungu hasa. Mama yake anapita hapo kila siku! Siku moja si utamchana kiganja?

Alichukua likizo kazini. Niseme nini, mtoto wa kiume akiamua kumtunza mama yake, nani atamzuia? Alihamishia vifaa vyake kule. Aliung'oa ule msumari na kuziba tundu. Alichanganya vumbi la mbao na gundi mpaka likawa uji mzito, akaziba pengo la meza, akaziba chale moja baada ya nyingine kwa ncha ya kisu, akaacha zikauke. Kisha msasa. Alipiga msasa mpaka mabega yakawa hayainuki, na alikuwa na furaha ambayo hakuwa nayo tangu baba yake azikwe. Bawaba za mlango wa nyuma akazitia mafuta, mlango ukanyamaza. Akapaka vanishi, akapiga tena msasa laini, akapaka tena. Siku ya mwisho alifumba macho akaizunguka meza nzima kwa kiganja, akaenda kwenye mwimo, rafu, ngazi. Mkono haukukwama popote.

Alipotuma picha, wenzake wa kikundi wakauliza, "Na za kabla ziko wapi?" Akakumbuka kwamba za kabla hakupiga. Haidhuru, akajibu, kilichokuwepo hakikuwa cha kutazamwa.

Mama alirudishwa siku ya Ijumaa na shemeji mtu, mume wa dada, aliyekuwa na safari yake akapita tu. Dada mwenyewe angekuja Jumapili, akimaliza mambo ya shule. Fundi Jumamosi alimpokea mama yake kwenye gari, akamshika mkono mpaka sebuleni, akamwachia mbele ya meza.

"Haya, mama. Tazama mwenyewe!"

Mama akasimama. Akavuta pumzi puani. "Umepaka," alisema.

"Gusa basi!"

Akanyoosha mkono, akaupata ukingo, akaufuata. Ulikwenda mpaka pembeni kabisa ya meza. Ukarudi. Ukaenda tena, polepole zaidi, na mwanawe pembeni anachekelea utadhani ni mtoto aliyeshika nafasi ya kwanza darasani.

"Laini, eh?"

"Laini," mama alisema. "Hakuna kitu kabisa."

Mtu mzima, msomi wa dawa, akaichukua hiyo kuwa sifa.

Mama akasema atapika chai. Akaenda, akajigonga bega kwenye mwimo wa jikoni, akasema kukaa kwa watu kumemharibu, miguu imesahau. Huko jikoni makopo yalifunguliwa na kufungwa, yakafunguliwa tena. Chai ilipokuja mwanawe akapiga funda moja, akaruka. "Mama! Hii chumvi!" Akacheka mpaka akashika tumbo. Mama naye akacheka, ila kicheko chake kilichelewa. "Nilikuwa nakujaribu," alisema. "Nione kama ulimi wako bado mzima."

Mwana akachukua vikombe kwenda kuvimwaga. Viatu alikuwa amevivua mlangoni, na mlango wa jikoni ulikuwa wazi, kwa hiyo alikwenda na kurudi bila kishindo. Aliporudi alisimama kizingitini. Mama alikuwa anaongea.

"Ya chai usimwambie dada yako," alikuwa anasema, kwa ile sauti yake ya kubembeleza. "Yule atalifanya jambo. Wewe ulikojoa kitandani mpaka unaanza shule, mimi nilimwambia nani?" Akatabasamu, akangoja jibu. Alikuwa anakitabasamia kiti alichokuwa amekaa mwanawe. Kiti kitupu.

Fundi Jumamosi hakusogea. Alisubiri mama ageuke. Mama hakugeuka. "Umenuna?" alikiuliza kiti.

Akanyata mpaka mbele ya mama yake, hatua mbili kutoka usoni pake, mwanga wa dirisha ukimpiga kifuani, na macho ya mama yakabaki kwenye kiti. Hapo ndipo alipoelewa.

"Mama."

Mama akashtuka, mikono ikaruka mapajani. Kisha akajua kwamba kumekucha.

"Tangu lini?" mwana aliuliza.

"La kulia lilitangulia," mama alisema. "La kushoto likakaa kidogo, nalo likafuata mwenzake. Usiniulize lini, sikuandika."

"Na hukuniambia? Mimi? Mama, mimi nauza dawa!"

"Ndiyo maana sikukuambia. Ungenipeleka kwa daktari, daktari angesema mama huyu asikae peke yake, na dada yako angekuwa mlangoni na gari kabla hujarudi dukani."

"Labda ingetibika."

Mama akapapasa ukingo wa meza. "Labda," alisema.

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, lakini hawakusema lolote kuhusu mtoto wa mficha maradhi. Wiki baada ya wiki mtu huyu aliwauzia watu matone ya macho, akiwafundisha namna ya kuinamisha kichwa, na kila jioni mama yake alimshika uso akamwambia njoo nikuone, na hakuona. Alikaa chini sakafuni palepale, akalia bila sauti, akidhani mama hatajua. Mama akanyoosha mkono, akakipata kichwa chake.

"Zile chale," alisema mwana. "Kwenye rafu."

"Moja ni sukari, mbili chumvi, tatu majani ya chai. Nilipoona giza linakuja nilichukua kisu, nikazikata mwanga ungalipo. Pengo la meza ni hapa geuka, jikoni. Mkwaruzo wa mwimo ni mlango huu hapa, usijigonge. Mlango wa nyuma ukilia najua uko wazi au umefungwa. Na msumari wa ngazi ni umefika chini, achia ubao." Mkono ukabaki kichwani pake. "Nilikuwa naishi vizuri, mwanangu. Hukuniona?"

"Nimeviondoa vyote."

"Najua. Nimegusa." Akamshika sikio kama zamani, akalivuta kidogo, si kwa ukali. "Sikiliza. Dada yako anakuja keshokutwa. Atanitazama kama anavyosahihisha mtihani. Rudisha vitu vyangu. Wewe si fundi? Rudisha, nisitoke humu. Nakuomba."

Mama yake hakuwahi kumwomba kitu katika maisha yake. Alikuwa anaagiza.

Jumamosi, siku yake mwenyewe, alifika kukiwa bado na umande, patasi na tupa mfukoni. Rafu ilikuwa rahisi: akakata chale moja, mbili, tatu, mama akapitisha kidole akasema naam, japokuwa zimenyooka mno, zinanukia fundi. Mwimo nao, akaukwaruza kwa ncha ya patasi, na kila mkwaruzo ulimuuma kwenye meno kwa sababu ni juzi tu alikuwa ameulainisha. Meza ndiyo iliyowashinda. Alikata pengo pale alipodhani lilikuwepo. Mama akatoka mlangoni, mkono ukingoni, akalipata, akageuka, akaenda moja kwa moja ukutani.

"Si hapa."

"Wapi basi? Mbele kidogo? Nyuma?"

"Sijui."

"Mama, lilikuwa lako!"

"Lilikuwa la mkono wangu!" mama akafoka, na hapo ndipo alipokaribia kulia. "Mkono ukigusa, mguu unageuka. Sikuwahi kulifikiria. Sasa unaniuliza kwa mdomo, mdomo utajua nini?"

Akakata jingine. Mama akatembea, akaligusa la kwanza, akageuka ukutani tena. Ikabidi kuliziba lile la kwanza, gundi mbichi, mama akaligusa bahati mbaya, kidole kikanata. Wakacheka. Walicheka sana, mama na mwana, wameshikana mikono yenye gundi, na kwa muda ule mfupi ungesema hakuna kilichoharibika. Alipochonga la tatu ndipo mguu wa mama ukageuka na kuupata mlango wa jikoni. Akaurudia mwendo ule tena na tena, midomo ikicheza, kama anayekariri.

Mlango wa nyuma ulikataa. Alizisugua bawaba kwa sabuni, akazimwagia mchanga, wapi! Mlango uliowasumbua miaka na miaka, siku wanayouhitaji upige kelele umekuwa na adabu. Wakaamua uachwe wazi siku zote, mama ajue uko wazi.

Jua lilikuwa limeshaanza kushuka, na mama amechoka, miguu imevimba, amekaa. "Na msumari wa ngazi?" aliuliza.

"Nimeurudisha. Huo nilikuwa na uhakika nao. Nimeshuka mwenyewe mpaka chini, nikasimama, nikaweka mkono kwenye ubao, na pale mkono ulipotua ndipo nilipopigilia."

"Kichwa umekiinua?"

"Nimekiinua."

"Basi hapo nakuamini," mama alisema, "tusiende tena, magoti yananiua."

Jumapili dada alifika mapema kuliko alivyosema, kama kawaida yake. Mama alikuwa ameshavaa, amejifunga kitambaa kichwani, na mwanawe alikuwa amekaa kwenye kiti akiwa ameshika kikombe kisicho na kitu. Siku hiyo mama alikuwa wa kutazamwa. Alimpokea binti yake mlangoni kwa sauti, akamwambia amenenepa. Alitoka mezani, pengo, akageuka. Kopo la sukari, chale moja. Chai ikaja. Dada akainywa, akaisifu, akaipigapiga meza kwa kiganja. "Kumbe mdogo wangu fundi kweli! Mimi nilidhani unakimbia kuosha vyombo." Mwana akatabasamu, jasho likimtiririka mgongoni. Kila mama aliponyanyuka, naye alitaka kuinuka.

Walipokwisha kula, dada akanyanyuka akanawe kwenye bomba la uani. Mama akasema naye atanawa. "Nikuletee maji kwenye beseni, mama?" dada aliuliza, na mama akajibu, "Beseni la nini, mimi mgonjwa?" Wakatoka kwa mlango wa nyuma, dada ametangulia, amefika bombani, amegeuka anawatazama. Mwana akausogelea mkono wa mama yake.

"Niache," mama alimnong'oneza. "Anaangalia."

Akamwachia.

Mama alishuka kichwa juu, kiganja kwenye ubao, akimtania binti yake kwamba maji ya bomba hilo ndiyo yaliyomkuza, asiyaoneshe madaha. Kiganja kikateremka, kikaugusa msumari. Mwana alimwona akitabasamu. Kisha mama akauachia ubao na kupiga hatua, hatua ndefu ya mtu aliyekwisha kufika chini, na alikuwa bado ana kidato kimoja.

Mkono wa mtu mrefu hutua juu, wa mtu mfupi hutua chini. Hilo tu. Ubao wa ngazi unateremka pamoja na ngazi. Mwana alikuwa na kimo cha marehemu baba yake, na aliposimama chini mkono wake ulitua huko nyuma, juu, bila kuinama. Mama yake alikuwa mfupi, na mgongo umeshapinda. Mwana alipima kwa mwili wake, akapigilia msumari wake mwenyewe. Mtu aliyepima kila kitu maishani, vidonge, matone, mbao, hakukumbuka kumwambia mama yake asimame hapo yeye. Alielewa yote kabla mama hajatua chini, na kuelewa hakukumsaidia mtu.

Dada ndiye aliyepiga kelele. Mama hakulia, alitoa mguno mmoja, akabaki amelala ubavu kwenye saruji, mkono umenyooshwa ukipapasa hewa, anatafuta kidato.

Ilikuwa nyonga. Hospitalini daktari alipomaliza mambo ya mfupa alimmulika machoni kwa tochi, kushoto, kulia, kushoto tena. "Mama huyu haoni," alisema. "Mnajua?"

Dada akamtazama mdogo wake.

"Hakuna aliyejua," mama alisema haraka kutoka kitandani. "Nimekosa hatua tu. Nani hakosi hatua?"

"Nilijua," mwana alisema. "Nimejua Ijumaa. Na msumari niliweka mimi, dada, na alama zake nilizifuta mimi." Akamwambia yote pale pale kwenye korido, watu wakipita na vitanda vya magurudumu. Alitegemea atukanwe. Alitamani atukanwe.

Dada alivua miwani, akaifuta kwa upindo wa gauni, akaivaa, akaivua tena. "Mlinifanya askari," alisema. "Wewe na mama. Mnaficha, mnanong'onezana, kama vile mimi ni askari wa kufukuza watu. Mimi nilikuwa naogopa tu asije akafa peke yake kule uani, akae siku nzima bila mtu kujua. Sikutaka kingine." Akalia, mwalimu mkuu, mbele ya wauguzi, kwa sauti. Mdogo wake akamshika.

Hakukuwa na kikao kingine. Mama alipotolewa hospitali alikwenda moja kwa moja kwa dada.

Dada alikuwa anakaa ghorofani, nyumba nzuri, mpya, vigae sakafuni, kuta zimepakwa rangi inayoteleza, milango yote sawa, vitasa vyote sawa. Mama alikaa kwenye kiti alichowekewa karibu na dirisha. Akitaka kwenda chooni anasema, anapelekwa. Akitaka maji anasema, analetewa. Hakulalamika, na hilo ndilo lililowatisha, maana mama yao alilalamika tangu wamjue. Fundi Jumamosi alikuwa anapanda basi kila mwisho wa wiki kwenda kumwona. Banda lake halikufunguliwa tena, na mkewe, aliyekuwa akilitania, ndiye sasa aliyemwambia aende hata akachonge mwiko.

Safari moja alikwenda na mfuko. Dada alipofungua mlango aliona mpini wa patasi umejitokeza, akajua.

"Kata," dada alimwambia kabla hajaombwa. "Milango, makabati, popote. Sijali. Kata mpaka azoee."

Akaenda kupiga magoti mbele ya kiti cha mama yake. Akamweleza: atamwekea chale jikoni, mkwaruzo kwenye mwimo wa choo, kila kitu, na safari hii atampima yeye mwenyewe, mkono wake, kimo chake, hata kama itachukua mwaka mzima. Mama alisikiliza mpaka mwisho. Akamgusa mkono, akaikuta patasi, akaipapasa mpaka kwenye ubapa.

"Imenolewa vizuri," alisema. "Irudishe mfukoni."

"Mama..."

"Usiharibu nyumba ya dada yako. Ile ya kwangu niliijua kwanza kwa macho, baba. Nilipozikata zile alama nilikuwa naiona nyumba yote, na baada ya hapo, kila nikigusa, naiona. Hii sijawahi kuiona hata siku moja. Ukinikatia alama nitajua kuna alama. Sitajua iko wapi."

Akakaa naye mpaka saa ya basi, wakiongea habari za majirani, nani ameolewa, nani amenuniana na nani, na mama akacheka mahali pa kucheka. Kisha mwana akasema inabidi aende, asije akaachwa. Akasimama.

Mama akashika mikono ya kiti, akajiinua kidogo, uso ukielekea dirishani.

"Ngoja," alisema. "Mlango uko upande gani? Nigeuze nikuage."

Akamshika mabega, akamgeuza.